Vidonge Tulimeza, Miguu Je?

Kwa Waheshimiwa Madiwani wa Wilaya ya Kyela,
na kwa wataalamu wa afya, mipango na fedha mnaoandaa bajeti wanayoipitisha.

YAH: WENYE MATENDE NA MABUSHA WA IPINDA NA KATA ZA JIRANI

Waheshimiwa,

Shikamooni mlionizidi umri. Wengine, ambao mnajua kabisa niliwafundisha hesabu za magazijuto, marahaba.

Nawaandikia hadharani kwa sababu watu ninaowasemea wamekaa mafichoni muda mrefu mno, na sioni kwa nini barua yao nayo ifichwe kwenye bahasha.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Ipinda, na kwa miaka kadhaa nilikuwa mgawa dawa wa kijiji. Mnaikumbuka ile fimbo yenye mistari: mtoto ambaye hajafika sentimita 90 hapewi, anayegusa 159 anapata vidonge vinne vya ivermectin, na juu yake kimoja cha albendazole. Nilibeba fimbo, ndoo, kikombe na daftari, nikapita nyumba kwa nyumba katikati ya migomba na mikakao. Nilikimbizwa na mbwa, nilikaribishwa wali na mbasa, nilisemwa kwamba nimetumwa kuwafunga watu uzazi.

Mmoja wa niliowapa ni mama yangu mdogo, ambaye mguu wake wa kushoto ulianza kuvimba kabla sijaoa. Kila mwaka alimeza mbele yangu, akafungua kinywa nihakikishe, kama mwanafunzi anayeonyesha kucha. Mwaka mmoja alimeza, akanirudishia kikombe, akauliza: “Mwanangu, hivi vidonge ni vya mguu wangu, au ni vya miguu ya wajukuu?”

Vilikuwa vya wajukuu. Nilijua, na sikumjibu. Barua hii ni kuhusu mguu wake.

1. Ushindi mnaoutaja ni wa kweli, ila ni nusu.

Mwaka 2009, ugawaji wa dawa ulipoanza Kyela, watafiti wa taasisi ya utafiti wa magonjwa, NIMR Mbeya, walipima damu za watu wetu wenye umri wa miaka 14 hadi 65. Zaidi ya mmoja kati ya watatu alikutwa na alama za mnyoo wa matende. Walipopima tena mwaka 2019, hawakufika wawili katika mia. Katika miaka yangu yote ya ualimu sijapata kuona darasa lililopanda kiasi hicho. Atakayesema serikali haikufanya kitu ni muongo, na mimi nitakuwa shahidi wa upande wenu.

Lakini tuelewane dawa ile hufanya nini. Inaua vijinyoo vichanga vinavyozunguka kwenye damu usiku, ili mbu akikuuma asipate cha kubeba kwenda kwa jirani. Mishipa ya limfu, ile inayorudisha maji ya mwili kutoka miguuni, ikishaharibiwa na minyoo mikubwa haishonwi na kidonge. Mtu anaweza kupimwa leo akaonekana hana mnyoo hata mmoja, na mguu wake ukawa vilevile gogo la mgomba. Kwenye takwimu huyo amepona. Nyumbani kwake ana miaka ishirini hajavaa kiatu.

Mpango wa dunia wa kutokomeza ugonjwa huu, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2000, ulipewa kazi mbili: kukata maambukizi, na kuwahudumia wale waliokwisha kuumia. Ile ya kwanza tumeifanya kwa fimbo na ndoo. Ile ya pili, hapa kwetu, naomba mtuonyeshe kwenye makaratasi yenu imeandikwa ukurasa gani.

2. Kinachomuua mtu wa matende polepole ni homa, na homa ina mlango.

Hapa mtanivumilia nirefushe, kwa sababu ndipo penye jambo.

Anayemwona mama mdogo akipita anadhani shida yake ni uzito. Uzito umezoeleka. Shida ni homa. Huanza na mtoki kwenye kinena, halafu baridi, mtu anatetemeka chini ya blanketi mbili katika joto hili la Kyela ambamo ninyi nyote hujifunika shuka tu. Kisha mguu unakuwa mwekundu na wa moto, hata upepo wa kanga ukiugusa analia. Siku tano, mara nyingine wiki nzima. Yeye husema mguu “umeamka”. Na kila unapoamka, ukija kulala tena hubaki mkubwa kuliko ulivyokuwa.

Huamka lini? Wakati wa mvua. Mpunga wetu unategemea mvua, na mvua zetu hazina mzaha. Mito ya Mbaka na Lufilyo ikijaa, shamba na njia huwa kitu kimoja. Mtu anapalilia akiwa ndani ya maji kutwa, ngozi katikati ya vidole inalainika, inachanika, bakteria wanaingia. Ni bakteria, Waheshimiwa, si mnyoo, wanaoamsha mguu. Kwa hiyo siku anazolala kitandani ni zilezile ambazo shamba linamwita. Mama mdogo alikuwa akilima eka mbili. Ikawa moja, kwa sababu palizi ilimshinda na vibarua hawapalilii kwa maneno. Sasa ni nusu eka karibu na nyumba. Mchele wa Kyela unasifiwa hadi Dar es Salaam, wauzaji wengine wanaubandika jina hilo hata mchele wa kwingine. Wa kwake haufiki huko. Haufiki hata sokoni Ipinda.

Muuguzi mmoja mstaafu ndiye aliyenifundisha la kufanya, na alinifundisha kwa mdomo, tukiwa tunasubiri gari. Siku ya kwanza nilikaa kwenye kigoda, mguu wa mama mdogo juu ya gunia la pumba, beseni chini. Maji ya kawaida, si ya moto. Sabuni ya mche, si ya unga inayokwaruza. Unaanzia gotini unashuka. Mguu wake ulikuwa na mikunjo mitatu, na ndani ya mikunjo hiyo ilikuwamo ile harufu iliyomfanya akae benchi la mwisho kanisani, karibu na mlango, tangu mchungaji aliyepita hadi huyu wa sasa. Alikuwa amegeuza uso ukutani. Aliona haya kuoshwa na mwanawe.

Nilipopitisha kitambaa katikati ya vidole, kati ya kile cha nne na kile cha mwisho, niliona mpasuko mweupe, mdogo kama chembe ya mchele. Nikamwita mke wangu aje na tochi. Huo ndio uliokuwa mlango. Miaka yote ile ya kuchanjwa chale, ya kukandwa kwa majani ya moto, ya kumeza panadol na kuambiwa apumzike, mlango ulikuwa pale, na hakuna aliyewahi kuvitenganisha vile vidole viwili akaangalia.

Tulikausha kwa kugusagusa bila kusugua, tukapaka dawa ya fangasi. Usiku tuliinua miguu ya kitanda upande wa chini kwa matofali mawili ya kuchoma. Asubuhi na jioni, kila siku, na akilala mguu uwe juu. Mwaka wa nyuma yake nilikuwa nimehesabu homa sita. Mwaka ule, moja.

Haukurudi kuwa mguu wa msichana. Ngozi ililainika, harufu ikaondoka, na Pasaka alikaa benchi la pili. Mnaweza kuliona hilo kuwa jambo dogo. Wanaopima ubora wa maisha ya watu huuliza maswali ya namna hiyo hasa: unalala? unatembea bila maumivu? unakwenda msibani na sokoni? unakaa na wenzako? Kwa mtu mzima wa Ipinda, anayeishi kwa miguu yake shambani na kwa uso wake kwenye misiba, hakuna maswali makubwa kuliko hayo.

Njia hii si uganga wangu. Huko Recife, Brazil, Dk. Gerusa Dreyer na wenzake waliwakusanya wenye matende katika vilabu walivyoviita vya matumaini, wakafundishana kuosha miguu na kuitunza, na njia hiyo imeingia katika miongozo ya kimataifa. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba usafi wa ngozi peke yake hupunguza homa. Nchi iliyoweza kuleta vidonge hadi chini ya mwembe wangu haishindwi na beseni.

3. Busha ni la kisu.

Si la vidonge, si la mizizi, wala si la kuacha madafu kama wanavyotaniana watu wa pwani. Ni maji yaliyojaa kwenye mfuko wa korodani, na upasuaji wake ni mdogo. Mara nyingi mtu hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Lindi, Mtwara na Dar es Salaam zimewahi kuendesha kambi za upasuaji wa mabusha na wanaume wakapanga foleni mchana kweupe. Kwa hiyo hatuombi muujiza.

Jirani yangu, mzee mwenzangu, aliuza baiskeli. Mnaelewa maana yake? Kyela ni tambarare. Mwanamume asiye na baiskeli hapa ni mvuvi asiye na mtumbwi. Watoto walidhani amekosa fedha. Mimi nilijua, kwa sababu alianza kuvaa koti refu la mvua hata kiangazi, na kwenye misiba akawa haketi na wanaume chini ya mti, anasimama nyuma ameegemea ukuta.

Nilimbembeleza karibu mwaka mzima tukapate matibabu. Tulipofika kwenye kituo kimoja, ambacho sikitaji kwa sababu kosa lile lingeweza kutokea kituo chochote, kijana wa mapokezi alimuuliza shida yake kwa sauti, mbele ya foleni ya akina mama wenye watoto mgongoni. Mzee akasema, “Tumbo.” Akaandikiwa dawa ya tumbo. Tukarudi Ipinda, wazee wawili kwenye bajaji moja, na dawa ya tumbo mfukoni.

Hakukubali tena kwenda.

Simlaumu yule kijana peke yake. Hakufundishwa kwamba kuna wagonjwa ambao swali lenyewe ni kisu cha kwanza.

4. Maneno ya watu.

Kwetu, mguu ukivimba jibu la kwanza ni kwamba mtu amekanyaga dawa. Alitegewa njiani, na aliyetega anatafutwa, na mara nyingi hupatikana karibu: mke mwenza, shemeji, jirani mwenye shamba linalopakana. Nimeona ukoo ukigawanyika juu ya mguu ulioharibiwa na mbu. Binti mmoja niliyemfundisha, mwenye akili kuliko kaka zake wote, posa yake ilirudishwa mguu ulipoanza kuonekana chini ya sketi. Sasa ana miaka arobaini na kitu, anafuma vitambaa, hatoki. Madaktari wana jina la hali yake, sonona, na jina hilo halijafika kijijini kwake kwa sababu hakuna aliyelibeba.

Vipaza sauti mnavyo. Siku za chanjo pikipiki hupita zikitangaza hadi kuku wanakimbia. Sijasikia hata siku moja pikipiki ikitangaza kwamba matende hayatokani na uchawi.

Hapohapo niseme jambo la mbu, kwa ufupi kwa sababu mnalijua: mashimo ya kufyatulia matofali yanayoachwa wazi, mitaro iliyoziba kandokando ya soko, vyoo vinavyofurika mvua zikizidi. Vidonge vimekata maambukizi. Mbu hawajahama.

5. Damu zetu zimefundisha dunia. Tunadai chenji.

Kati ya mwaka 2006 na 2011 watu wa Kyela walikuwa miongoni mwa waliotoa damu kwa utafiti mkubwa wa NIMR Mbeya na Chuo Kikuu cha Munich. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la The Lancet: waliokuwa na mnyoo wa matende walikuwa na hatari ya kupata virusi vya UKIMWI takriban mara mbili ya wasio nao. Jambo hilo halikuwa limeonyeshwa hivyo mahali popote kabla ya hapa. Madaktari wa Ujerumani wanalisoma, wa India wanalisoma. Waliotoa damu hiyo ni wakulima wa mpunga na kakao, na baadhi yao bado wana miguu ileile.

Tazameni pia ng'ambo ya mto Songwe, Malawi. Karonga nako matende yalikuwapo, mbu walewale, ziwa lilelile. Malawi ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 kuwa imetokomeza matende kama tatizo la afya ya jamii, nchi ya pili kusini mwa Sahara baada ya Togo mwaka 2017. Na cheti hicho hakitolewi kwa damu peke yake. Nchi hutakiwa kuonyesha pia kwamba katika kila eneo lililokuwa na ugonjwa, idadi ya wenye matende na mabusha inajulikana, na kwamba kuna vituo vinavyoweza kuwahudumia. Maana yake, siku Tanzania itakapoandika faili lake, Kyela itaulizwa: wako wangapi, na wanaoshwa wapi? Heri mwanze kuhesabu sasa kuliko kukimbizana na daftari wakati wageni wako Mbeya mjini.

6. Fedha.

Najua neno linalofuata katika vikao: ufinyu wa bajeti. Basi tuzungumze kama watu wazima.

Kakao nyingi ya Tanzania hutoka Kyela. Mwaka 2024 bei yake katika soko la dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani, na minada yetu ilisikia joto hilo. Kakao hutozwa ushuru wa mazao. Kisheria anaulipa mnunuzi, ingawa kila mkulima anajua unatoka mfuko gani. Mpunga nao unalipiwa ukivuka kizuizi. Siombi mnipe hesabu ya kila shilingi. Nauliza ni sehemu gani ya ushuru wa jasho la miguu inarudi miguuni.

Kuna fedha nyingine ambayo haihitaji hata kutafutwa. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri hutengwa kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtazama mtu ambaye hali ya mwili wake inamzuia kushiriki maisha ya jamii sawasawa na wengine. Niambieni, asiyeweza kuingia shambani, asiyeketi na wenzake msibani, aliyerudishiwa posa, anashiriki sawasawa na nani? Lakini mwenye matende akienda kuomba mkopo huo atatazamwa usoni aonekane ana macho, mikono na ulimi. Hakuna anayetazama chini. Kikundi cha wanawake kumi wenye matende, wakipewa mtaji wa kufuga nguruwe au kuuza mchele wakiwa wameketi, hawatahitaji tena kusimama kwenye maji ya palizi. Hiyo peke yake ni dawa ya homa.

Sasa maombi yetu, na nayaandika kwa namna ambayo mtu anaweza kuyafuatilia.

(a) Wahesabuni. Wagawa dawa wa zamani tupo, nyumba tunazijua, na tunajua hata zile ambazo mgonjwa huingizwa chumba cha ndani wageni wakija. Tupeni madaftari, tupeni wiki tatu baada ya mavuno, tuzunguke kuanzia Ipinda na Makwale hadi Matema. Bila malipo sitasema, kwa sababu wengine wana watoto shuleni, lakini posho ya mgawa dawa mnaijua ilivyo, haitawafilisi.

(b) Siku moja kila wiki katika kituo cha afya cha Ipinda iwe siku ya miguu. Iwe na chumba, muuguzi mmoja aliyefundishwa, mabeseni, sabuni, dawa ya fangasi, na dawa za kuua bakteria kwa ajili ya homa. Wanaokuja wafundishane. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaoandaliwa kwa mpango wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 wawekwe katika mafunzo hayo, waweze kumfuata asiyeweza kutembea.

(c) Kambi ya upasuaji wa mabusha kila mwaka, bila malipo, kati ya Agosti na Oktoba. Nasema miezi hiyo kwa makusudi. Mpunga umekwisha vunwa, njia kavu, kidonda hakikutani na tope. Msiiweke Aprili kwa sababu fedha zimeingia Aprili. Na wanaoandikisha wawe wanaume watu wazima, wakae mahali penye mlango unaofungwa.

(d) Viatu. Mafundi wa katambuga wapo sokoni, tairi lipo. Fundi akipewa vipimo vya mguu usio wa kawaida atashona. Mama mdogo sasa huvaa ndala tuliyoikata kwa kisu na kuiongezea kamba ya baiskeli.

(e) Kipengele cha matende na mabusha kionekane kwa jina lake katika Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri wa mwaka wa fedha unaokuja, kikiwa na kiasi cha fedha mbele yake. Si “shughuli nyinginezo”. Nimefundisha hesabu, najua kinachopotelea kwenye “nyinginezo”.

(f) Wenye matende watambuliwe wazi katika ile asilimia 2, na maofisa maendeleo ya jamii wa kata waambiwe hivyo kwa barua.

Nimeongea na wenzangu tisa, sita wana matende na watatu wana mabusha. Tuko tayari kuja kwenye kikao chochote cha kamati ya huduma za jamii. Watatu wale hawatasema mbele ya watu wengi, msiwalazimishe. Mama mdogo atakuja. Amesema ataleta na beseni lake, mkitaka kuona kuosha kunavyofanywa, sharti muinamishe migongo kama nilivyoinamisha mimi.

Na siku mtakapoanza, tumeni pikipiki yenye kipaza sauti. Ianze stendi ya Ipinda asubuhi, ipite barabara ya lami yote hadi Matema, iingie na zile njia za vumbi. Itaje tarehe, itaje mahali, itaje kwamba ni bure. Itamke “matende” na itamke “busha” waziwazi, bila kuzungushazungusha eti “magonjwa yale ya wazee”. Ikifika kwenye kona ya jirani yangu mwenye koti la mvua, mwendeshaji apunguze mwendo. Nitakuwa barazani kwake, tumekaa.



Wenu,
Mwalimu mstaafu na mgawa dawa wa zamani,
Ipinda, Kyela.